Nafasi Moja Kwenye Kochi la Watu

Jumamosi, 3 Mei

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata rafiki yangu wa dawati moja anayenitunzia siri zote nyingine: lile swali halikuwa langu.

Haya. Nimeliandika. Dari haijaanguka. Naendelea.

Swali ni hili: ukisema uongo, halafu ukatokea kuwa kweli, unaomba msamaha wewe au wanakuomba wao? Ni la mdogo wangu Kidonge, mwenye umri wa miaka sita na mapengo mawili mbele. Mwezi wa pili alimwambia Mama kwamba hawezi kuoga, maji yamekatika. Uongo mtupu! Mama akafungua bomba ili amuumbue. Halikutoka hata tone. Kidonge akasimama pale na taulo kichwani, akauliza swali lake, akasubiri jibu. Mama akamwambia aache kujitia uwakili. Mimi nilikwenda chumbani, nikaliandika kwa mwandiko wangu bora, na kesho yake nikalitumbukiza kwenye kopo la maswali kwa Fundi Makochi.

Fundi Makochi hushona na kujaza upya makochi ya watu, kwenye uchochoro wa nyuma ya posta. Kila Jumamosi saa nane mchana hufunika cherehani yake, na karakana hugeuka Jukwaa la Kweli na Haki. Wanachama ni wanne. Fundi mwenyewe. Karani wa mahakama, ambaye huandika kila linalosemwa, hata kikohozi. Mama Mizani, muuza nafaka sokoni, ambaye huamini kwamba kilo ni kilo. Na Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye huamini kwamba kilo ni maelewano tu. Hujadili lipi jema, lipi baya, na kama ukweli ni mmoja au kila mtu ana wake. Wote hukaa juu ya makochi ya wateja yanayosubiri kuchukuliwa. Fundi husema hawayakalii. Wanajaribu springi.

Swali la Kidonge walilijadili Jumamosi tatu mfululizo. Mama Mizani alimrushia Dereva mto. Hatimaye Fundi akabandika tangazo mlangoni: mwenye swali ajitokeze. Nilijitokeza. Tangu siku hiyo, miezi miwili sasa, nakaa juu ya gunia la vipande vya sponji karibu na mlango, na sijatamka neno lolote. Wananiita Kimya.

Leo sasa! Mkunga mstaafu wa mtaani ameleta kochi lake kujazwa upya. Kubwa, refu kama behewa. Linakaa watu watano. Karani alihesabu wanachama, akahesabu nafasi, akahesabu tena. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Jukwaa kuna nafasi tupu! Fundi akatangaza kwamba mwanachama wa tano atapatikana Jumamosi ijayo. Wagombea ni wawili. Mimi, na Spika.

Spika ni mpwa wa Fundi. Tuko darasa moja. Huomba chumvi mezani kama mtu anayezindua daraja.

Sharti la kuingia linaitwa kuishi hoja. Unachota karatasi kutoka kwenye kopo, na hoja iliyoandikwa unaiishi siku saba, uamke nayo, ulale nayo. Siku ya nane unakuja na shahidi kutoka nyumbani kwenu. Fundi akaongeza kwamba kosa moja tu humfukuza mtu papo hapo: kutumia wazo la mwenzako bila kumtaja. Alisema hivyo akinitazama mimi. Au alitazama saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa changu. Sina hakika.

Spika alichota: "Ukweli ni mmoja na lazima usemwe." Mimi nilichota: "Kila mtu ana ukweli wake." Dereva alinishika mkono kwa furaha. Mama Mizani aliniambia pole, mwanangu.

Nimekata shauri. Nafasi ile ni yangu.


Jumapili, 4 Mei

Kazi ya kwanza: shahidi. Baba yuko safarini kikazi mpaka mwisho wa mwezi. Mama ana zamu kiwandani kila Jumamosi. Wamebaki Shangazi na Kidonge. Kidonge haiwezekani kabisa! Akikanyaga pale akasikia swali lake, nimekwisha.

Nikaenda kwa Shangazi. Alikubali papo hapo, anapenda kusikilizwa. Akauliza hoja yangu inasemaje. Nikamwambia, kila mtu ana ukweli wake. Akasema imempendeza sana, maana kwa ukweli wake zamu ya vyombo leo ni yangu.

Nikaosha vyombo.

Jioni Mama aliuliza nani amemaliza mkate. Nilimjibu kwamba hilo hutegemea mkate unatazamwa kutoka upande gani. Alinitazama kutoka upande wake. Kesho naenda shule bila kifungua kinywa. Si kitu! Wenye fikra wote walilala na njaa wakati fulani.


Jumatatu, 5 Mei

Siku ya kazi kubwa. Jaribio la hesabu limerudi, nimepata nne juu ya kumi. Mimi, ambaye huinua mkono darasani mara moja kwa mwaka, nilitembea mwenyewe hadi kwenye meza ya mwalimu. Nikamweleza kwamba jibu langu la swali la saba, yaani thelathini na sita, lilikuwa kweli kwangu mimi.

Mwalimu alinisikiliza vizuri mno. Hakunikatiza. Akasema anauheshimu ukweli wangu. Kwa ukweli wake yeye, lazima nibaki baada ya masomo na kufanya hesabu ishirini.

Nilipofika namba tisa nikamwona Spika dirishani, anafagia uwanja mzima peke yake. Kumbe asubuhi alimwambia mwalimu mkuu kwamba hotuba yake ilizidi kwa nusu saa. Kabla ya hapo alimwambia kiranja kwamba anaimba kama mlango. Saa nne alimwambia mwalimu wa lugha kwamba somo hili amelifundisha mara ya tatu, na mara ya kwanza ndiyo lilikuwa zuri.

Tulitoka pamoja, mimi na vidole vyeusi kwa wino, yeye na vumbi hadi kwenye nyusi. Akaniambia kwamba ananiogopa. Nikadhani ni mbinu. Akasema hapana, hana ruhusa ya mbinu wiki hii. Ananiogopa kwa sababu yeye huongea tu, mimi husikiliza, na atakayejua kitu siku ya mwisho ni mimi.

Sikujua niuweke wapi ukweli wa namna hiyo. Nikamwambia, huo ni ukweli wako. Akasema ndiyo, ni wake, lakini pia ni kweli.

Mpinzani wa hatari sana.


Jumatano, 7 Mei

Maafa!

Spika alipita nyumbani kuazima daftari la jiografia. Nilikuwa bafuni. Mlangoni akamkuta Kidonge, na kwa kuwa hawezi kufunga mdomo, akamweleza kwamba dada yake ni mtu mashuhuri, kwamba watu wazima wanne wamegombana wiki tatu kwa sababu ya swali lake. Akalitaja. Neno kwa neno! Kisha akachukua daftari akaenda zake, ana furaha kwamba amesema jambo zuri la kweli kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Nilipotoka, Kidonge alikuwa amekaa kitandani kwangu, mikono kifuani. Akasema, Dada, lile swali ni langu.

Nikapiga moyo konde. Hoja ni ya kuishi, si ya kupamba ukuta. Nikamwambia kwa upole kwamba kwa ukweli wake swali ni lake, na kwa ukweli wangu ni langu, na kweli hizi mbili zinaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana, kama mimi na yeye.

Alitazama juu. Akauliza, na zile biskuti zako za juu ya kabati? Nikauliza zimefanyaje. Akasema kwa ukweli wake ni zake.

Alizila zote. Pakiti nzima. Mimi nikiwa nimekaa pale nikiangalia, kwa sababu ningemzuia ningekuwa nimeivunja hoja siku ya tano. Alinikata maini. Hata hivyo nilimsifu ndani kwa ndani. Anajifunza haraka.

Baadaye tukafikia mapatano: yeye atanyamaza, na mimi nitambeba mgongoni kila asubuhi hadi lango la shule yake. Alitaka mwaka mzima. Nikamshusha hadi Ijumaa.


Alhamisi, 8 Mei

Mgongo.

Na si mgongo tu. Shangazi amejiuzulu ushahidi. Kosa si langu! Amejishonea gauni la njano lenye mikono ya puto, akazunguka mbele yangu mara mbili, akauliza limempendeza au halikumpendeza. Mtu wa kawaida angesema limekupendeza, Shangazi, na mambo yangekwisha. Lakini mimi naishi hoja. Nikasema hutegemea macho ya anayetazama.

Aliacha kuzunguka. Akauliza, macho ya nani hasa? Nikasema ya yeyote. Akauliza, ya kwako yamesemaje? Nikasema ya kwangu yana ukweli wake.

Basi. Ameingia chumbani kwake na gauni lake. Nilipobisha akajibu kupitia mlangoni kwamba Jumamosi atakuwa na kazi nyingi, kwa ukweli wake.

Nilijaribu kumshawishi mke wa jirani ajifanye ndugu. Akasema yeye hadanganyi mbele ya karani wa mahakama, siku moja atamhitaji.

Amebaki Kidonge.


Ijumaa, 9 Mei

Wengine wangekata tamaa. Mimi nimefungua shule.

Mwanafunzi mmoja, kipindi kimoja, majibu matatu. Shahidi akiulizwa kama dada yake aliishi hoja, ajibu: Ndiyo. Akiulizwa mara ngapi: Kila siku. Akiulizwa vipi: Kwa bidii. Basi. Asiongeze hata nukta. Tulirudia mara thelathini, mimi nikiwa Karani na kijiko cha mbao kikiwa kalamu. Kidonge akauliza, je, wakiuliza kingine? Nikamwambia ajibu "Kwa bidii." Nikamjaribu. Unaitwa nani? Kwa bidii. Una miaka mingapi? Kwa bidii. Safi kabisa!

Nilipomaliza naye nikaanza na mimi mwenyewe. Kesho lazima niongee. Mbele ya watu. Kwa sauti. Nililihutubia kabati la nguo sentensi tatu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka nyembamba. Mara ya kumi na nne Mama aliuliza kutoka sebuleni nagombana na nani.

Siogopi. Yaani naogopa, lakini nitakwenda hivyo hivyo. Maisha yangu yote nimesoma vitabu vya watu waliosema maneno yao mbele ya wenzao, na mimi ya kwangu yote yako humu daftarini. Nataka kukaa mahali ambapo mtu akisema jambo, wenzake wanalipigania wiki tatu. Hapa mtaani mahali pa namna hiyo ni pamoja tu, pale karakana, na pamebaki na upana wa mtu mmoja.


Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane kamili. Wanachama wote wanne kwenye kochi la Mkunga. Mwisho wa kochi, upande wa kulia, ile nafasi. Fundi alikuwa ameiwekea kitambaa safi. Spika na mama yake wamesimama kushoto, mimi na Kidonge kulia.

Akaanza Spika. Mama yake, ambaye ni dada yake Fundi, alishuhudia kwamba mwanawe ameishi hoja hadi majirani wanavuka barabara wakimwona. Aliliomba Jukwaa, kwa heshima na taadhima, limalize jambo hili leo hii. Yeye mwenyewe amepoteza rafiki wawili na mshonaji wake. Mama Mizani alifuta chozi la furaha. Karani aliandika chozi.

Zamu yangu. Sauti yangu ilitoka kama bawaba kavu, lakini ilitoka! Sentensi zote tatu! Nikaona Fundi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha shahidi. Fundi alimpandisha Kidonge juu ya rundo la mito ili aonekane. Karani akamuuliza kama dada yake aliishi hoja.

Ndiyo.

Mara ngapi?

Kila siku.

Kwa namna gani?

Kwa bidii.

Nilikwisha kuzisikia zile springi chini yangu. Hapo Mama Mizani akainama mbele, akasema, mwanangu, hebu tupe mfano mmoja tu.

Mfano! Hatukufanya mazoezi ya mfano! Kidonge alinitazama. Nikamtolea macho. Yeye akaelewa kwamba namruhusu. Na akawapa mfano, kwa moyo wote, kama mtu anayemtetea dada yake kufa na kupona. Alisema, lile swali la uongo unaotokea kuwa kweli ni langu, lakini Dada akasema kwa ukweli wake ni lake. Nikamlia biskuti zote, na bado hakuacha. Ameiishi kweli.

Akamalizia: kwa bidii.

Ilisikika kalamu ya Karani peke yake. Nilitamani niingie ndani ya gunia langu la sponji na mtu afunge kamba.

Halafu wakalipuka. Mama Mizani alisema wizi ni wizi kama kilo ilivyo kilo, msichana atoke. Dereva alisimama, akasema katika miaka yote ya Jukwaa hajaona mtu aliyeishi hoja kwa ukamilifu namna hii, msichana ameifuata hadi akavunja sharti lenyewe, apewe kiti na makofi. Fundi akasema sharti ni sharti. Karani akasema sharti halisemi kitu kuhusu wazo la mtu mwenye umri wa miaka sita. Wawili kwa wawili! Mama Mizani alimwita Dereva king'ora kisicho na gari. Dereva akamuuliza yeye akikaa juu ya kochi la mteja miaka miwili anapima kilo ngapi za haki.

Wakamgeukia Spika. Akasema ukweli ni kwamba nimekosa, ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyemwambia Kidonge, na ukweli ni kwamba akishinda kwa njia hii ataona haya. Kisha, bila kuulizwa, akasema pia mimi huimba puani ninaposoma na yeye hukosa usingizi akifikiri ni wimbo gani.

Ndipo hodi ikapigwa. Ilikuwa kama hodi, lakini mlango ulikwisha kufunguliwa.

Mkunga. Mwanamke mfupi, mpana, miwani ikining'inia kifuani. Nyuma yake wapagazi wawili na mkokoteni. Amekuja kuchukua kochi lake, na kochi lake lina watu wanne.

Fundi aliruka kama amekalia sindano, na huenda alikuwa ameikalia. Mkunga akauliza swali moja tu: kochi langu limekaliwa?

Mtu mwingine yeyote angeomba radhi. Lakini lile ni Jukwaa. Fundi alisema wanajaribu springi. Mama Mizani alisema limekaliwa, wiki nzima, na yeye ndiye mzito kuliko wote. Dereva aliuliza, kukaa ni nini? Karani aliomba swali lirudiwe ili aliandike.

Na mimi, katikati ya aibu yangu, nikaona upenyo! Nikimwokoa Fundi sasa hivi, kura yake inahamia kwangu. Tatu kwa moja! Nikasogea mbele. Nikasema, tena kwa sauti iliyosikika, kwamba kwa ukweli wa mama huyu kochi limekaliwa, kwa ukweli wa Fundi limejaribiwa, na kila mtu ana ukweli wake.

Mkunga alivaa miwani ndipo akanitazama. Kutoka kichwani hadi kwenye viatu. Akasema, vizuri sana, binti. Basi kwa ukweli wangu mimi, hapa ni sebuleni kwangu, na nyinyi ni wageni mlioingia bila hodi. Haya, simameni!

Wakasimama. Wote. Hata Fundi, kwenye karakana yake mwenyewe. Alipojaribu kufungua kinywa Mkunga akamwambia anyamaze, yeye ndiye aliyempokea duniani, alitoka miguu mbele na akaanza kubisha kabla hajafutwa.

Akakaa katikati ya kochi. Akauliza makelele yale yalikuwa ya nini. Watu wazima wote wakaanza kueleza kwa pamoja, akainua mkono, akamwelekeza Kidonge. Kidonge akamwambia swali lake. Polepole, na mapengo yake.

Mkunga alivua miwani tena. Akasema katika miaka arobaini ya kazi yake aliwaambia kina mama wengi kwamba mtoto ni mzima, usiogope, kabla hajajua kama ni mzima. Mara nyingi ikawa kweli. Wakamshukuru. Na kila waliposhukuru alitamani kuwaomba msamaha, na hajui mpaka leo kwa nini.

Karani hakuandika.

Kisha akapapasa kochi kando yake. Akasema, mwenye kochi akae, na mwenye swali akae. Nyinyi wengine mpige kura mpendavyo. Kidonge akapanda akakaa. Juu ya kitambaa safi! Mkunga akawaambia wapagazi warudi mwisho wa mwezi, springi hizi bado zinahitaji kujaribiwa.

Walipiga kura. Ilipita bila kupingwa. Mkunga, mwanachama wa tano. Kidonge, wa sita. Mkunga anachukua nafasi ya watu wawili, kwa hiyo Karani amehamia kwenye rundo la mito na Dereva sasa anakaa kwenye gunia langu. Spika amesimama ukutani, yuko huru kusema uongo, na hakuweza kufikiria hata mmoja.

Mimi nimepewa cheo cha msindikizaji. Kazi yangu ni kumleta mwanachama na kumrudisha nyumbani.

Mkunga aliniuliza kama sina neno la kumwambia mdogo wangu. Nikamwomba msamaha. Kwa ukweli wake.


Jumapili, 11 Mei

Nimefikiri tangu asubuhi na nimejifunza mengi.

Nilidhani kosa langu lilikuwa swali. Hapana! Swali lilifanya kazi nzuri. Nilidhani ni biskuti, au macho niliyomtolea Kidonge. Hapana. Hebu tumtazame Mkunga. Hakuchota karatasi. Hakuishi hoja hata dakika moja. Hakuleta shahidi. Aliingia, akakaa, akawa mwanachama, kwa sababu moja tu: kochi ni lake. Wenzangu wamejadili miaka miwili nani anastahili kukaa, kumbe jibu liko kwenye stakabadhi ya fundi!

Nahitaji kochi.

Nyumbani kuna kiti cha Baba. Kipana, cha ngozi bandia ya kahawia, kimepasuka mkono wa kushoto na sponji inachungulia. Hakikaliwi na mtu mwingine, hata mgeni. Kwa ukweli wa Baba kile ni kiti chake. Sina ugomvi naye. Kwa ukweli wangu ni mgonjwa aliyeachwa bila matibabu.

Saa tisa Mama alikwenda sokoni. Shangazi alikuwa amelala, amevaa gauni. Nilimwambia Kidonge anisaidie. Aliuliza kama ninaomba uanachama rasmi. Nikasema ndiyo. Akasema atalifikiria ombi langu, na wakati analifikiria nimbebe hadi Jumatano. Nilikubali.

Tulikigeuza kiti juu chini, nikakiweka kichwani, Kidonge akashika miguu ya nyuma na kunielekeza njia. Tulitokea mlango wa uani. Tulipumzika mara nne. Mara moja tuligonga ukuta, kwa sababu mwanachama alisema kulia akimaanisha kulia kwake.

Fundi anaishi nyuma ya karakana. Alitoka na kikombe mkononi. Aliuliza kama baba yangu anajua. Nikasema atajua mwisho wa mwezi. Aliubonyeza mto, akaweka sikio, akasikiliza springi kwa muda. Akatoa kitabu chake, akaandika stakabadhi kwa jina langu. Nilimwambia hakuna haraka, ajaribu polepole.

Tulirudi nyumbani kabla ya Mama. Kwenye kona ya sebule nilipanga ndoo mbili, ubao wa kunyooshea nguo na mto wa kitandani, nikafunika vyote kwa shuka la kahawia. Ukisimama mlangoni na kukunja macho kidogo, ni kiti. Niliweka juu yake gazeti la zamani la Baba, nikalikunja kama anavyolikunja yeye. Kisha nikaenda kuosha vyombo.